Tangi la samaki likinuka udongo usilimwage: dhana potofu na ukweli

Mteja akinipigia simu kwamba tangi lake linanuka udongo, kabla ya yote humuuliza kama ameshagusa chochote. Mara nyingi mno ameshagusa kila kitu: maji yote yamemwagwa, changarawe imeoshwa kwa maji ya bomba hadi inang'aa, sifongo ya chujio imesuguliwa kwa sabuni, na samaki wamerudishwa kwenye maji mapya jioni ileile. Simu ya pili huja baada ya siku chache. Samaki wako juu wanatweta, mapezi wameyakunja, na wengine wameshakufa. Samaki hao walikuwa wazima kabla tangi halijaoshwa, na inaniuma kila nikiisikia habari hii upya.

"Harufu ya udongo ni uchafu, kwa hiyo tangi lioshwe lote"

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, maana inaua.

Harufu yenyewe hutokana hasa na kemikali iitwayo jiosmini, iliyopewa jina hilo mwaka 1965 na watafiti Nancy Gerber na Hubert Lechevalier huko Marekani. Ndiyo ileile unayoisikia mvua inapopiga ardhi kavu. Ndani ya tangi hutengenezwa na bakteria waitwao aktinomaiseti, wanaoozesha majani yaliyokufa, gogo na mabaki ya chakula, pamoja na sainobakteria, ambao wengi huwaita mwani wa kijani-bluu. Pua ya binadamu huinasa hata ikiwa nanogramu 10 hivi katika lita moja. Maana yake gramu moja tu ikisambaa kwenye lita milioni 100 za maji, bado watu wengi wangeisikia. Kwa hiyo ukali wa harufu haupimi uchafu, na kwa kiwango hicho jiosmini haiui samaki. Huwaingia mwilini, na ndiyo moja ya sababu za samaki wa mabwawa kuwa na ladha ya tope. Wafugaji huwahamishia kwenye maji safi siku kadhaa kabla ya kuwauza. Samaki wa mapambo hilo haliwahusu.

Sasa tazama kinachopotea ukiosha kila kitu. Bakteria wanaogeuza amonia, taka yenye sumu inayotoka kwa samaki, kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, wengi wao hawaelei majini. Wameshika kwenye sifongo, kwenye changarawe, kwenye majani na kioo. Sabuni huwaua, na klorini ya maji ya bomba vilevile. Kundi jipya huchukua kama wiki 4 hadi 6 kukomaa, na muda wote huo samaki wanakula na kutoa amonia kupitia matamvua yao. Kwenye tangi la lita 20 au 40 hakuna maji ya kutosha kuizimua. Tena maji mapya yakiwa na pH (kipimo cha uasidi wa maji) ya juu kuliko ya zamani, hali huwa mbaya zaidi: kwenye joto la nyuzi 25 za Selsiasi, amonia iliyo katika umbo la sumu haifiki asilimia 1 ya yote pH ikiwa 7, lakini hufika kama asilimia 5 pH ikiwa 8. Na kwa kiwango kinachoua samaki, amonia haisikiki puani. Mwenye tangi ananusa, anasikia usafi, anaridhika, huku samaki wanaungua matamvua.

Kuna jingine ambalo watu hawalifikirii. Maji ya bomba yenyewe huweza kuja na jiosmini, hasa mwani unapozidi kwenye bwawa yanakotoka, na klorini haiiondoi vya kutosha. Jaza chupa nusu, funga, tikisa kwa nguvu, fungua unuse papo hapo. Kama inanuka udongo, ungeosha tangi mara ngapi kwa maji hayohayo?

Bomba likiwa safi, tafuta chanzo kabla ya kushika ndoo. Nusa chini ya kifuniko, panapokusanyika matone. Toa sifongo uinuse. Chota changarawe kidogo kutoka pembeni ambako maji hayapiti vizuri. Kisha angalia mstari ambapo changarawe inakutana na kioo upande wa mwanga: ukiona utando laini wa kijani kilichokolea au wa kibluu, unaoteleza na kubanduka kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, hao ni sainobakteria, na harufu yao ni kali kuliko zote. Bandua utando huo na unyonye kwa mpira, ongeza mzunguko wa maji mahali hapo, punguza taa hadi saa 6 kwa siku. Utando ukirudi, lifunike tangi gizani siku 3 bila kuzima pampu ya hewa.

Chanzo kikiwa ni mabaki, kata majani yaliyooza, nyonya uchafu kwenye nusu ya changarawe wiki hii na nusu nyingine wiki ijayo, na ubadilishe robo ya maji kila wiki, maji mapya yakiwa yameondolewa klorini na joto lake linalingana. Sifongo ikamulie ndani ya ndoo ya maji uliyotoa tangini, mara mbili au tatu, maji ya kahawia yatoke, uirudishe. Itabaki na rangi ya kahawia na ndivyo inavyotakiwa. Harufu ikikusumbua bado, weka kaboni amilifu, yaani mkaa maalumu wa kuchujia, kwenye chujio. Inanasa jiosmini vizuri, ila hujaa, basi ibadilishe baada ya wiki 3 au 4.

Na chakula! Kama ningeruhusiwa kutoa ushauri mmoja tu kwa kila mwenye tangi dogo, ningemwambia apunguze chakula. Wape wanachomaliza ndani ya dakika 2, na siku moja kwa wiki usiwape kabisa. Samaki wazima, wakubwa, hawadhuriki kwa siku moja ya kufunga.

"Maji yakiwa angavu ni salama"

Hapana. Amonia, nitriti na nitrati hazina rangi. Nunua vipimo vya maji vya matone uvitumie. Amonia na nitriti zinatakiwa zisomeke sifuri.

"Ongeza samaki wa kula uchafu"

Hakuna samaki anayekula kinyesi cha wenzake na kukimaliza. Kambare mdogo unayemnunua kwa kazi hiyo anahitaji chakula chake, naye anatoa kinyesi chake. Umeongeza mzigo kwenye tangi ambalo tayari limelemewa.

"Tia limau, chumvi au manukato kidogo"

Limau hushusha pH ghafla. Chumvi haigusi jiosmini na huunguza mimea. Manukato yasipulizwe hata chumbani karibu na tangi, kwa sababu pampu ya hewa huvuta hewa hiyohiyo na kuipeleka majini.

"Dawa ya antibiotiki inamaliza utando wa kijani"

Inaweza kuumaliza, na huweza kuwadhoofisha bakteria wa chujio pamoja nao. Usipoondoa mabaki na mwanga uliozidi, utando unarudi.

"Harufu ni harufu, zote ni sawa"

Si sawa, na hapa ndipo nataka mtu awe makini kweli. Udongo uliolowa ni jambo la kushughulikia taratibu. Yai bovu ni jambo la leo. Hiyo ni sulfidi ya hidrojeni, gesi yenye sumu inayotengenezwa pasipo oksijeni, hasa kwenye changarawe au mchanga mnene uliogandamana, ambako huonekana madoa meusi ukiangalia kupitia kioo. Usilivuruge eneo hilo lote kwa mkupuo. Ongeza hewa kwanza, badilisha theluthi ya maji, kisha nyonya sehemu ndogo ndogo kwa siku kadhaa. Na ukisikia mzoga, hesabu samaki wako mmoja mmoja, uangalie nyuma ya chujio na chini ya gogo.