Ini likiugua, si ngiri wala kutupiwa

Barazani kwetu Ngamiani, Tanga, mwanaume akipoa kitandani jibu huwa tayari: ana ngiri, au katupiwa jambo. Hata akiwa anaugua ini, hilo ini halitajwi.

Ini husaidia kusawazisha homoni mwilini. Likishajaa makovu na kusinyaa, homoni ya kiume hupungua na ya kike huzidi. Ndiyo maana baadhi ya wanaume huota matiti na hamu hushuka. Wanawake nao hedhi huvurugika, ila wao barazani hawasemwi. Ongeza uchovu na mawazo. Dawa nazo zimo: spironolaktoni, ile ya kupunguza maji tumboni, yaweza kujaza matiti na kushusha hamu. Usiiache kimyakimya, mwambie daktari, huenda akaibadilisha. (Kulisema hilo mbele ya nesi wa rika la bintiyo si kazi ndogo, najua.)

Kinachonitia hofu ni chupa ya mizizi ya “kurudisha heshima”: ini hilo hilo bovu ndilo litakaloichuja.

Na tendo lenyewe halimalizi ini. Ikiwa ni homa ya ini B, mwenza apimwe, achanjwe, na kondomu itumike mpaka chanjo ikamilike. Sahani ya wali mliyokuwa mkila pamoja, endeleeni nayo.