Mfupa unaorefushwa hukatwa, hauvunjwi

“Wanakuvunja mguu, halafu wanauvuta.” Urefushaji wa mifupa husimuliwa hivyo kila mahali, matokeo yake mgonjwa aliyevunjika kweli katikati ya tiba huambiwa na majirani kuwa hiyo ndiyo tiba yenyewe.

Mvunjiko katika urefushaji ni mfupa kupata ufa au kuachana pasipokusudiwa, fremu (pete za chuma zinazouzunguka mguu, zikishikwa na pini zilizopita mfupani) ikiwa bado mguuni au ikishatolewa. Basi.

Kiswahili kilishatenganisha mambo haya zamani. Kikombe kimevunjika: hakuna anayetajwa. Kitambaa kimekatwa: kuna mkono uliokata, na ulipima kwanza. Gavriil Ilizarov, aliyeianza njia hii Kurgan, Siberia, miaka ya 1950, alikata. Neno lenyewe, kortikotomia, limeunganisha cortex, yaani gome kwa Kilatini, na tomia, ukataji kwa Kigiriki. Gome gumu la mfupa hukatwa kwa patasi, uboho na utando wa nje vikihifadhiwa kadiri inavyowezekana kwa ajili ya damu. Husubiriwa siku 5 hadi 7 hivi, kisha fremu hufunguliwa robo milimita mara 4 kwa siku. Pengo hujaa mfupa mchanga, na kila sentimita huchukua mwezi au zaidi kukomaa.

Huo mfupa mchanga ndio huvunjika, au penye tundu la pini, au mfupa jirani uliodhoofika kwa kutobebeshwa uzito. Chanzo huwa kuanguka, goti lililokaza kukunjwa kwa nguvu, au fremu kutolewa mapema; eksirei ya mbele na ya ubavu, kila moja ikionyesha gome la pande mbili, zilipaswa kwanza kuonyesha magome 3 kati ya 4 yamekamilika.

Fremu ikiwepo, mara nyingi huongezewa pini au pete kuvuka palipovunjika, na mguu hunyooshwa humohumo. Ikishatolewa, ufa usiosogea hutulia kwenye hogo. Paja likipinda au kufupika, hurudishiwa fremu au huwekwa bamba au msumari wa ndani. Msumari huo una hatari yake: tundu la pini lililowahi kutoa usaha linaweza kupeleka vijidudu hadi ndani ya uboho.

Kwa hiyo ukimweleza mtu habari za upasuaji, sema mfupa umekatwa. “Umevunjika” liachie siku maumivu yatakapokuja ghafla na mguu kupinda, ili wote nyumbani waelewe kuwa safari ya hospitali ni leo.