Bendera Getini

Septemba 2015, kampeni zikiwa zimepamba moto, walikuja kwenye ofisi yangu ya ushauri wa ndoa hapa Moshi mume na mke waliokuwa hawajasemezana kwa siku tisa. Wanakaa Pasua. Mume ni seremala na mwana CCM wa siku nyingi. Mke anauza vitenge Soko la Mbuyuni na ni CHADEMA wa kweli. (Wameniruhusu kuwaandika, na yale ya kuwatambulisha nimeyaficha.) Walikuwa na miaka kumi na minne ya ndoa, na tofauti ya vyama walikuwa nayo tangu uchumba. Kwa hiyo niliwauliza jambo moja tu: kwa nini leo?

Jibu lilikuwa bendera. Mke alirudi sokoni jioni akakuta bendera ya kijani ya CCM inapepea getini. Aliingia ndani bila salamu. Asubuhi yake mume akakuta ya CHADEMA imefungwa juu ya ile yake. Kwa nusu saa walinieleza habari za ufisadi, za Lowassa, za Magufuli aliyegombea urais kwa CCM, za UKAWA, ule muungano wa vyama vya upinzani, na mimi nikawaacha waseme. Kisha mke akashusha sauti. "Mama, lile geti tulilijenga kwa hela yangu ya vikoba. Hakuniuliza."

Mume alinyamaza. Nadhani ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kulisikia.

Katika miaka yote niliyofanya kazi hii ya ushauri wa ndoa, sijaona ndoa iliyovunjwa na chama peke yake. Nilizoona ni ndoa ambazo chama kimetwishwa mzigo usio wake: hela iliyotolewa kuchangia kampeni wakati ada ya mtoto haijalipwa, vikao vinavyoisha saa sita usiku, mawifi wanaomwita mke msaliti wa ukoo. Watu hawa ukiwaambia tu "siasa muiache nje ya nyumba", watanyamaza wiki mbili, halafu watagombana kwa sababu ya chumvi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yenyewe, inapoorodhesha mambo yanayoweza kuionyesha mahakama kwamba ndoa imevunjika na haitengenezeki tena, inataja uzinzi, ukatili, kutelekezwa kwa miaka isiyopungua mitatu, hata kubadili dini. Chama hakimo.

Mume aliuliza, kwa wasiwasi nilioupenda, kama watu wa namna yao hufika mbali. Nilimtajia James Carville na Mary Matalin wa Marekani. Mwaka 1992 Carville alikuwa mpanga mikakati wa kampeni ya Bill Clinton, na Matalin alikuwa kwenye kampeni ya George H. W. Bush, huku wakiwa wapenzi. Clinton alishinda. Mwaka uliofuata wakafunga ndoa. Basi tofauti ya kura, hata ikiwa kubwa kiasi hicho, watu huishi nayo.

Kinachoshindikana kuishi nacho ni dharau. John Gottman, mwanasaikolojia wa Marekani aliyewachunguza wanandoa kwa miongo kadhaa, alikadiria kwamba takriban asilimia 69 ya mambo wanayogombania wanandoa hayaishi. Yanarudi mwaka hadi mwaka, na wenye ndoa za furaha wanayo pia. Ila alipotafuta dalili za ndoa inayoelekea kuvunjika, dharau ilikuwa mbele kuliko zote. Kwa hapa kwetu dharau ya siasa ina maneno yake, na nimeyasikia yote ofisini. "Nyie mnanunuliwa kwa kofia na fulana." "Nyie ni wahuni wa maandamano." "Utajua nini wewe?" Angalia hilo la mwisho. Halina chama ndani yake kabisa. Anayeambiwa hivyo mbele ya watoto hatakumbuka mjadala ulihusu nini, atakumbuka kwamba aliitwa mjinga nyumbani kwake.

Mwaka ule tulipata somo kali. Julai 2015 Edward Lowassa alitoka CCM akajiunga na CHADEMA, akawa mgombea urais wa UKAWA. Nilikuwa na wanandoa wengine ambao mke, mwana CCM, alikuwa amemtetea Lowassa kwa miaka, na mume, wa upinzani, alikuwa amemwita kila jina. Ndani ya wiki moja walibadilishana maneno, kila mmoja akayachukua ya mwenzake. Machi 2019 Lowassa akarudi CCM. Sisemi haya kumlaumu, amekwisha kufariki. Nasema kwa ajili ya yule mke aliyeniambia, "Yeye ameshahama mara mbili, lakini mimi bado ni yule yule niliyeitwa malaya wa mafisadi." Lile neno hapakuwa na chama cha kulirudisha.

Turudi kwa watu wangu wa Pasua. Niliwapa kazi ninayowapa karibu wote wa aina hii: kila mmoja amweleze mwenzake kadi yake ya chama ilitoka wapi. Sera hairuhusiwi, wala kumtaja kiongozi wa leo. Msikilizaji anaruhusiwa kuuliza tu, hajibu. Na mapigo ya moyo yakianza kwenda mbio, wanaacha kwa dakika zisizopungua ishirini, kwa kuwa mwili uliopandwa na hasira hausikii, hata kama masikio yako wazi. Mume alikuwa akienda kupiga randa karakana.

Mume alisimulia kwamba baba yake alikufa yeye akiwa darasa la nne. Mjumbe wa nyumba kumi, kiongozi wa CCM wa pale mtaani, ndiye aliyezunguka kuwachangisha watu wa mazishi, na mjumbe huyohuyo ndiye aliyemshika mkono mama yake hadi shuleni kuomba wanawe wasifukuzwe kwa ada. Kwake rangi ya kijani ni mzee yule. Mke alisimulia mwaka 1995, Augustine Mrema alipogombea urais kwa NCCR-Mageuzi baada ya kutoka CCM. Alikuwa bado msichana, baba yake akamwinua ili aone juu ya umati. Baba ambaye nyumbani hakuwa mtu wa kucheka, siku ile alicheka na kuimba. Halafu miaka ya baadaye kibanda cha kwanza cha biashara cha mke huyu kikabomolewa asubuhi moja, na hakuna aliyekuja kumwambia pole.

Miaka kumi na minne ya ndoa, na hakuna aliyekuwa ameijua habari ya mwenzake. Walijua kadi tu.

Hawakubadilishana vyama, na sikutaka wabadilishane. Mtu akija kwangu akiwa na lengo la kumgeuza mwenzake, namwambia mapema kwamba kura ni ya siri hata kwa mwenye ndoa. Na kuna mahali ambapo siishii kwenye ushauri: mume anayeificha kadi ya mpiga kura ya mkewe, au anayemtishia kipigo kwa sababu ya mkutano. Huo ni ukatili, na hauitwi tofauti ya mawazo kwa sababu tu umevaa fulana ya chama.

Bendera zilishuka zote mbili. Ya kijani ilikwenda karakana, nyingine ikaenda kwenye meza ya vitenge, na geti likabaki geti la wote wawili. Halafu tukaongeza sharti moja ambalo nalipenda kuliko mengine, kwa sababu wiki ya matokeo huumiza kuliko miezi ya kampeni: atakayeshinda akae kimya mpaka aliyeshindwa aanze mwenyewe kuzungumza.

Hatukuwaza kwamba mwaka ule ungekuja vile ulivyokuja. Jimbo la Moshi Mjini lilikwenda CHADEMA, na mke, kwa ahadi yake, akafunga mdomo. Tarehe 29 Oktoba Magufuli akatangazwa mshindi wa urais, na mume naye, kwa ahadi ileile, akafunga wake. Kila mmoja alikuwa ameshinda, na kila mmoja alikuwa akimsubiri mwenzake aliyeshindwa aanze. Nyumba ilikaa kimya, lakini si kimya kile cha Septemba. Siku ya pili jioni mke aliweka mtori mezani, akaketi, akasema, "Pole, baba watoto."

"Pole na wewe, mama," mume akajibu, na wakala.