Chachu hulipia chakula chake kwa asidi

Ukiotesha chachu ya mkate, Saccharomyces cerevisiae, kwenye maji yenye glukosi na chumvi za amonia, bila bafa ya kuzuia pH (kipimo cha asidi, ambacho hushuka asidi ikiongezeka) isibadilike, maji hayo yatazidi kuwa makali hadi pH ikaribie 3. Wengi ninaowafundisha huona hapo seli inatupa taka. Sikubaliani nao. Asidi iliyo nje ya chachu ni mtaji wake, na isipokuwepo seli hukaa katikati ya chakula isiweze kukiingiza.

Tuanze na hesabu. Sukari ikiwepo, ute wa ndani ya seli hukaa kwenye pH 7 hivi. Kila hatua moja ya pH ni mara kumi, kwa hiyo nje ikiwa 4 na ndani 7, protoni zilizo huru nje, yaani chembe za hidrojeni zenye chaji chanya ambazo ndizo hupimwa na pH, ni nyingi mara 1,000. Sasa chukua seli yenye ujazo wa femtolita 40, upige hesabu ya protoni huru zilizomo ndani: utapata kama 2,400 tu, ilhali molekuli za protini zilizo humo ni makumi ya mamilioni. Protoni nyingine zote zimeshikwa na protini, fosfati na wenzao. Ndiyo maana napenda kuangalia kasi ya kuingia na kutoka kuliko idadi iliyopo. Idadi yenyewe ni ndogo mno.

Kazi ya kutoa protoni nje hufanywa na Pma1, pampu iliyojaa kwenye utando wa nje. Kila molekuli moja ya ATP, sarafu ya nishati ya seli, ikivunjwa hutoa protoni moja. Makadirio ya kawaida ni kwamba pampu hii hula karibu moja ya tano ya ATP yote ya seli, na wapo wanaotaja zaidi. Gharama hiyo ina maana ukitazama milango ya kuingizia chakula. Fosfati huingia kupitia Pho84 ikiwa imeambatana na protoni. Asidi amino nyingi hivyo hivyo, na maltosi pia. Potasiamu huvutwa ndani kupitia Trk1 kwa sababu protoni zinazotoka huiacha seli na chaji hasi. Glukosi ni tofauti: hupita bila protoni, ikifuata tu mteremko wake yenyewe. Kwa vingine vingi, kila tonge lina protoni yake, nayo lazima itolewe tena. Amonia huongeza mzigo: huingia kama amoniamu, yaani amonia iliyobeba protoni, nitrojeni ikatumika, protoni ikabaki. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya yale maji kuwa makali.

Ndani ya seli kuna chumba kingine chenye asidi yake, vakuoli, ambacho pH yake ni 6 au chini kidogo. Ndilo ghala la seli: arginini na lisini, fosfati iliyoungwa minyororo mirefu, zinki, chuma, kalsiamu. Hapa pampu ni nyingine, V-ATPase, na vitu vingi huingia ghalani kwa kubadilishana na protoni zinazotoka. Pampu hii ina tabia ninayoistaajabia hadi leo: glukosi ikiondolewa, huachana vipande viwili ndani ya dakika chache, na sukari ikirudi huungana tena. Patricia Kane alilionyesha hilo katika chachu mwaka 1995.

Seli zisizo na V-ATPase kabisa huishi vizuri kwenye pH 5 lakini hushindwa kwenye 7.5, au kalsiamu ikiwa nyingi. Hata seli isiyo na kasoro huhangaika pH ya nje ikikaribia 8, kwa kuwa tofauti ya protoni imetoweka, na chuma na shaba ni shida kupatikana. Huwasha jeni za kutafuta chuma, shaba na fosfati kana kwamba vimeisha, hata kama vimo tele kwenye chupa.

Habari inayonivutia kuliko zote ni ya uzee. Mwaka 2012 Adam Hughes na Daniel Gottschling walionyesha kwamba vakuoli ya seli mama hupoteza asidi mapema, ikiwa bado ina mizunguko mingi ya kuzaa mbele yake, na baada ya hapo mitokondria, mitambo ya nishati ya seli, huanza kuharibika. Walipoongeza nguvu ya V-ATPase, seli ziliishi zaidi. Mwaka 2014 ikaonekana chanzo kimoja: Pma1 hurundikana kwa mama na karibu haimfikii binti, hivyo mama hutupa nje protoni ambazo vakuoli yake ingezitumia, huku binti akizaliwa na vakuoli yenye asidi kamili. Lakini vakuoli na mitokondria vinahusianaje? Jibu lililokuja 2020 lilikuwa sisteini, mojawapo ya asidi amino. Ghala lisilo na asidi halihifadhi asidi amino ipasavyo. Sisteini ikizidi kwenye ute huvuruga upatikanaji wa chuma, na mitokondria haziendi bila chuma. Ukitazama mitokondria peke yake ungedhani ugonjwa umeanzia huko.

Njaa nayo hubadilisha mambo. Glukosi ikikatika, Pma1 hupunguza kasi na ute hushuka hadi kukaribia 6, au chini yake. Tafiti za 2016 zilionyesha ute huo ukigeuka mgumu, chembe ndani yake zikikosa nafasi ya kuzunguka, na baadhi ya vimeng'enya hujipanga nyuzi nyuzi. Ukizuia asidi hiyo isipande, seli huvumilia njaa kwa shida zaidi. Kwa hiyo siiiti pH ya chini ajali. Ni sehemu ya jinsi seli inavyojilaza.

Haya yote yana athari kwenye kipimo. Tunatumia pHluorin, protini inayong'aa ambayo uwiano wa mng'ao wake chini ya mianga miwili hubadilika kulingana na pH. Kifaa kizuri, lakini ukisafisha seli kwa maji matupu kabla ya kupima, umeshaziondolea sukari, na unachokisoma ni pH ya njaa. Ziache kwenye mchanganyiko uleule zilimokulia, na ripoti ya matokeo iseme glukosi ilikuwa kiasi gani wakati wa kupima. Takwimu ya pH ya chachu isiyo na maelezo hayo siijumuishi kwenye hesabu zangu.