Gunia, maganda ya matoke na maneno tunayodanganyana

"Bustani ni ya mwenye kiwanja." Hapa Kampala dhana hii imewanyima mboga wapangaji wengi. Ukweli ni kwamba gunia moja la mahindi la kilo 100 linatosha kuanzia, na linakaa barazani pasipo kumsumbua jirani.

Chukua mkebe mkubwa uliotolewa kitako, usimamishe katikati ya gunia, uujaze kokoto. Pembeni jaza udongo uliochanganywa na samadi iliyokwisha kuoza. Udongo ukifika ukingoni mwa mkebe, vuta mkebe juu, kokoto zibaki, kisha ujaze tena vivyo hivyo mpaka gunia lijae. Usiiruke hatua hiyo: nguzo ya kokoto ndiyo inayoshusha maji, la sivyo miche ya ubavuni hukauka huku ya juu ikinywa peke yake. Toboa matundu ubavuni, pandikiza sukuma wiki; juu mwaga mbegu za mchicha, ile dodo yetu. Mchicha huchumwa baada ya wiki 3 au 4. Sukuma huchukua kama miezi 2, lakini ukichuma majani ya chini na kuacha kilele, utakula kwa miezi mingi.

"Maganda ni takataka tu." Hili linaniuma. Tarehe 10 Agosti 2024 jalala la Kiteezi liliporomokea nyumba za watu na kuua zaidi ya 30. Sehemu kubwa ya taka za mji huu hutoka jikoni: maganda ya matoke, majani ya migomba, mabaki ya chakula. Wafugaji wa mbuzi na ng'ombe huyanunua maganda hayohayo! Kama huna mfugaji wa karibu, yakatekate, changanya na majani makavu, yawe na unyevu bila kulowa chepechepe, geuza kila wiki. Kwa joto letu, baada ya miezi 3 hivi una mboji. Wanaosema mboji hunuka wameona iliyojaa maji na kukosa hewa. Ongeza majani makavu, ugeuze.

"Kulima mjini ni kosa." Tangu 2006 Kampala ina sheria ndogo inayoruhusu kilimo cha mjini. Isichoruhusu ni kulima kandokando ya mitaro na kwenye maeneo oevu, na naiunga mkono kabisa: mayuni (majimbi) yanayostawi kwenye maji machafu kama ya mfereji wa Nakivubo yanaweza kufyonza madini ya risasi na metali nyingine nzito. Kunawiri kwake si dalili ya usalama.

"Chombo chochote kinafaa kupandia." Hapana. Jerikeni ya mafuta ya kupikia iliyopasuka, ndiyo, itoboe kitako. Kopo la dawa ya wadudu, kamwe, hata lioshwe mara ngapi. Na kaveera, yaani mfuko wa plastiki, usiichome jikoni kuwashia makaa, moshi wake ni sumu kwa watoto.

"Kiangazi hakuna bustani." Maji ya kuoshea mchele na mboga yanatosha gunia moja au mawili mpaka mvua za Machi au Septemba zirudi. Ya sabuni ya kuogea mwagia udongo, usiguse majani, na usiyatumie kila siku. Yenye jiki yaende chooni.