Castilla, timu B ya Real Madrid, na kwa nini dogo wako acheze na watu wazima

Ukimwambia dogo wa hapa Malindi ahamie timu B kwa muda anaona kama umemtimua, anakunja uso, wiki ya pili humuoni mazoezini, unasikia tu kaonekana uwanja wa Alaskan na jezi ya timu nyingine. Mi nafundisha vijana na hii kitu inaniuma sana, manake timu B ikitumika sawasawa ndo mahali mchezaji anapoiva, na mfano wangu siku zote ni Castilla ya Real Madrid. Huku kwetu mashabiki wa Madrid wamejaa, kuanzia Shella mpaka Maweni, lakini ukiwauliza habari za Castilla wengi wanakwambia "si ile timu ya watoto?" Si ya watoto jamani, ngoja nieleze.

Kwanza haikuzaliwa ndani ya Madrid. Mwaka 1930 wafanyakazi wa kampuni ya bima ya Plus Ultra walianzisha timu yao, AD Plus Ultra, baadaye ikashikana na Real Madrid ikawa inawalelea vijana, ikapanda mpaka daraja la pili, halafu 1972 Madrid wakaichukua jumla wakaiita Castilla CF. Likumbuke hilo jina, manake ilikuwa inahesabika kama klabu inayojitegemea, na ndo ikaruhusiwa kuingia hata Copa del Rey, kombe lile lile ambalo Madrid wenyewe wanacheza.

Sasa njoo msimu wa 1979/80. Castilla wako daraja la pili, vijana watupu, golini Agustín, katikati Ricardo Gallego, mbele Pineda, na kwenye kombe wakaanza kuzitoa timu za daraja la kwanza moja baada ya nyingine. Hércules nje. Athletic Bilbao nje, tena walifungwa kwao San Mamés. Wakaja Real Sociedad, na Sociedad ya mwaka ule haikuwa mchezo, ilimaliza ligi nyuma ya Madrid kwa pointi moja tu, nayo ikatolewa. Nusu fainali Sporting Gijón wakawapiga 2-0 kule Gijón, ukiangalia unasema basi yameisha, marudiano Castilla wakawapa 4-1. Fainali tarehe 4 Juni 1980, uwanja wa Bernabéu, Real Madrid na Castilla, yaani kombe lishaenda nyumba ile ile hata kabla mpira haujaanza! Wakubwa wakashinda 6-1, Juanito akatia mawili, Del Bosque, yule yule aliyekuja kuwapa Uhispania Kombe la Dunia 2010 akiwa kocha, naye akatia moja.

Watu wakisikia 6-1 wanacheka, mi sicheki, manake Madrid walikuwa washachukua na ligi kwa hiyo wanaenda kombe la mabingwa, na ile nafasi ya Kombe la Washindi la Ulaya, la waliobeba makombe ya nchi zao, ikawaangukia Castilla. Timu B Ulaya! Wakapangwa na West Ham, ambao nao walikuwa daraja la pili kwao Uingereza lakini wamebeba Kombe la FA. Bernabéu Castilla wakashinda 3-1, mashabiki wa West Ham wakaleta fujo, ikaamriwa marudiano yachezwe uwanja mtupu, na pale Upton Park bila watu vijana wakala 5-1 baada ya dakika za nyongeza, David Cross peke yake matatu. Safari ikaishia hapo.

Miaka minne mbele ndo ninapopapenda zaidi. Msimu wa 1983/84 kocha ni Amancio, kikosi kina Butragueño, Míchel, Sanchís, Martín Vázquez na Pardeza, na Castilla wakamaliza wa kwanza daraja la pili, wa pili wakawa Bilbao Athletic ambayo nayo ni timu B. Zote mbili hazikupanda, sheria ya Uhispania hairuhusu timu B iwe daraja moja na timu yake kubwa, wakapanda waliofuata chini yao. Mtu ataona ni uonevu. Mi naona walichokuwa wanakitafuta walishakipata, kwa sababu katikati ya msimu Di Stéfano, kocha wa timu kubwa, alikuwa anawachota mmoja mmoja: Sanchís na Martín Vázquez wakaanza Desemba 1983 kule Murcia, Sanchís akafunga bao pekee la mechi, Februari 1984 Butragueño akatolewa benchi kule Cádiz akafunga mawili na Madrid wakashinda 3-2. Baada ya hapo Madrid wakachukua ligi tano mfululizo, 1986 mpaka 1990, na hawa vijana ndo walikuwa uti wa mgongo, isipokuwa Pardeza aliyeenda kung'aa Zaragoza.

Sasa kwa nini hawakuogopa? Kwa sababu walishazoea. Daraja la pili unakutana na beki wa miaka 32 mwenye mke na watoto, akishuka daraja mshahara unapungua, huyo hakuachii upite eti wewe kijana una kipaji. Waingereza walienda njia nyingine, timu zao za akiba zikawa zinacheza zenyewe kwa zenyewe, kuanzia Central League ya 1911 mpaka ligi ya akiba ya Premier iliyokufa 2012 na ikaja ya vijana chini ya miaka 21, pasi nzuri, uwanja mtupu, hakuna anayeumia akifungwa, ndo maana wakitaka kijana akomae inabidi wamtoe kwa mkopo. Vinícius alipofika Madrid 2018 walimpeleka Castilla kwanza, kwenye debi na Atlético B akafunga mawili na beki mmoja akamng'ata kichwa! Mechi za vijana huyaoni hayo.

Mwanzoni mwa miaka ya 90 timu B zikaondolewa kwenye Copa del Rey na zikalazimishwa zibebe jina la klabu, Castilla ikawa Real Madrid B, jina la zamani likaja kurudi baadaye. Ilipanda tena daraja la pili 2012, ikashuka 2014, na tangu hapo haijarudi. Lakini bado inazaa. Carvajal alitoka Castilla akauzwa Leverkusen, mwaka mmoja baadaye wakamrudisha wenyewe, Nacho katoka hapo, Zidane naye alijifunzia ukocha hapo kabla hajachukua Ligi ya Mabingwa mara tatu mfululizo.

Kwa hiyo wazazi wa hapa Malindi, mwanao akipelekwa timu B usije kwa kocha kuuliza kakosa nini. Uliza hiyo timu B inacheza ligi gani, inakutana na wavuvi na mafundi waliokomaa au na watoto wenzake, anapata dakika ngapi, na mchezaji wa timu kubwa akiumia wanamchukua nani. Ukijibiwa kwamba wanapiga mazoezi tu wakisubiri nafasi, hapo nuneni, nami nitawaunga mkono.