Fimbo 14 si "seti kamili"

Jumamosi pale uwanja wa gofu wa Lugalo nilikutana na kijana aliyenunua vifaa vya gofu mwezi uliopita na hajapiga hata mpira mmoja. Anasubiri mshahara "akamilishe seti". Ana fimbo tisa, na aliyemuuzia alimwambia, "Kaka, hii bado, seti kamili ni kumi na nne." Nimeshalisikia neno hili mara nyingi mno, na kuna watu waliokata tamaa ya kucheza kwa sababu yake, kwa hiyo naomba nilieleze.

Seti ya gofu ni fimbo zile unazoingia nazo uwanjani mkobani, basi. Zipo za kupigia mbali, yaani draiva na vudi. Za chuma zenye namba, aini. Weji za kuunyanyua mpira karibu na shimo au kuutoa mchangani. Na pata ya kuusukumia shimoni. Kanuni ya 4.1 ya mchezo huu inakataza kuwa na fimbo zaidi ya 14 katika raundi. Haitaji idadi ya chini, wala haisemi popote ni fimbo ngapi ndizo kamili.

Nadhani tatizo linaanzia kwenye maneno yenyewe. Hapa mjini "seti" tumeizoea kwenye masofa, vikombe na sufuria za kitchen party, zile zinazoingia moja ndani ya nyingine. Ikipotea ya katikati, pengo unaliona kwa macho. Halafu tunaongeza "kamili", neno tulilolipata kwenye Kiarabu, ambalo kwetu ni kutopungua na kutozidi: saa mbili kamili, kilo tatu kamili. Ukiyaunganisha hayo mawili, 14 inageuka kama miezi 12 ya mwaka, kwamba mwenye 13 ana upungufu. Kumbe ile 14 ni kikomo. Kibao cha 50 barabarani kinakuzuia kuzidisha mwendo. Anayepita na 30 hana deni na mtu.

Na kikomo hicho kiliwekwa kwa ajili ya waliokuwa wanazidisha. Zamani mpini wa fimbo ulikuwa wa mti wa hikori, na fimbo zilitengenezwa na kuchaguliwa mojamoja. Mwaka 1916 Chick Evans alishinda mashindano ya wazi ya Marekani kwa mikwaju (mapigo) 286, na kwenye gofu mwenye michache ndiye mshindi, akiwa na fimbo saba tu, na rekodi hiyo ilidumu miaka 20. Mipini ya chuma iliporuhusiwa, viwanda vikaweza kutoa fimbo zinazofanana kwa mfululizo wa namba, na mikoba ikaanza kuvimba. Lawson Little, bingwa wa ridhaa wa Marekani mwaka 1934 na 1935, alikuwa akibeba zaidi ya 20. Kedi, yaani mbeba mkoba wake, ndiye aliyeumia begani. Wasimamizi nao waliona mchezaji ananunua fimbo mahali ambapo angetumia ufundi. Kikomo cha 14 kikaanza Marekani mwaka 1938, na Uingereza ikafuata mwaka 1939.

Anayepata adhabu ni aliyezidisha. Mwaka 2001, siku ya mwisho ya mashindano ya wazi ya Uingereza, Ian Woosnam alifika shimo la pili akagundua mkobani mna draiva mbili, yaani fimbo 15. Aliongezewa mikwaju miwili, tena siku ambayo alikuwa anawania ubingwa. Mwenye fimbo tano angecheza raundi hiyo yote bila kuulizwa kitu.

Kwa anayeanza kuna sababu nyingine, nayo iko kwenye chuma chenyewe. Kutoka aini moja hadi inayofuata, uso wa fimbo hulala zaidi kwa nyuzi tatu au nne hivi, na mpini hupungua kama nusu inchi. Mchezaji aliyekomaa hupata umbali tofauti kwa kila namba. Wewe na mimi tulipoanza, aini 6, 7 na 8 zote ziliangusha mpira mahali pamoja, kwa sababu hatukuwa tunaugonga katikati ya uso. Nilimwomba yule kijana anionyeshe fimbo zake. Aini 7, aliyoinunua ikiwa imetumika, ilikuwa na doa linalong'aa ukubwa wa shilingi mia, upande wa kisigino, yaani karibu na mpini, pale mwenye nayo wa kwanza alipokuwa akigongea. Aini 3 na 4 za mkoba uleule zilikuwa na mistari mikali kama zimetoka kiwandani jana. Aliyezimiliki alibeba zote na kupiga moja.

Fimbo saba zinakutosha mwaka mzima: draiva, haibridi moja (mchanganyiko wa vudi na aini), aini 6 na 8, weji mbili na pata. Zikiwa za mtumba hazina neno, ila shika mpini kwanza. Raba ya kushikia ikiwa imekauka na kuteleza, ibadilishe kabla ya kufikiria fimbo nyingine, maana kwa jasho la Dar fimbo itakuponyoka. Uangalie pia urefu unaokufaa.

Wazoefu wana neno la mkoba wa namna hiyo, "nusu seti", nalo silipendi sana, kwa sababu linarudisha ile hisia ya pengo. Mimi husema seti ya kuanzia. Yule kijana nilimwambia tisa zake zimezidi kwa mbili, akachukua aini 8 tukaenda kupiga. Na ndugu zangu mnaouza vifaa, mteja akiuliza, mwambieni mwisho ni kumi na nne. Neno "kamili" liacheni.